UCHAMBUZI: Habari za kweli zalipiwa, uvumi ni bure, mwananchi wa kawaida ataponea wapi?

KWA miaka mingi, nakala moja ya gazeti nchini Kenya haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilinunuliwa alfajiri na mwenye kinyozi au mwenye hoteli, ikasomwa na wateja hadi jioni, kurasa za michezo zikichakaa kabla ya nyingine zote. Aliyeinunua alilipa, waliobaki walisoma kwa hisani yake. Kesho yake karatasi hiyo hiyo ilifungia nyama au maandazi, na msomaji wa mwisho akaipata habari ya jana alipofungua kifurushi chake.

Utaratibu huo haukuandikwa katika mkataba wowote. Hata hivyo, ndio uliowawezesha Wakenya wengi wa kipato cha chini kufuatilia mambo ya nchi yao. Leo unatoweka polepole bila ya mtu kuutangazia tanzia. Habari zimehamia kwenye simu, na simu ni chombo cha mtu binafsi. Huwezi kuiacha mezani ili mteja mwingine aisome.

Mjadala kuhusu vyombo vya habari na teknolojia ya dijitali katika nchi zinazoendelea kwa kawaida huhusu mitambo: nani ana tovuti ya kuvutia, nani ana video nyingi, nani ana wafuasi wengi mitandaoni. Hayo yana umuhimu wake, lakini swali kuu ni jingine. Je, ni nani atakayemlipa mwanahabari anayekwenda kuthibitisha jambo, na asiye na uwezo wa kulipa ataipata wapi habari iliyothibitishwa?

Nguzo mbili zilizotikisika

Biashara ya magazeti nchini ilisimama juu ya nguzo mbili: mauzo ya nakala na matangazo ya biashara. Gazeti la The Standard, lililoanzishwa Mombasa mnamo 1902, na Daily Nation, lililoanza kuchapishwa mwaka wa 1960, yote mawili yalitegemea nguzo hizo. Bei ya nakala pekee haingetosha kulipia karatasi, wino, magari ya usambazaji na mishahara. Matangazo ndiyo yaliyojaza pengo.

Magazeti yalipofungua tovuti zao za kwanza, habari ziliwekwa humo bila malipo. Wasomaji wake walikuwa zaidi Wakenya waishio ng'ambo na wachache waliokuwa na tarakilishi ofisini, hivyo hakuna aliyeona hatari. Hali ilibadilika mnamo 2009, nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM zilizopitishwa chini ya bahari zilipofika Mombasa. Gharama ya intaneti ilishuka, simu za bei nafuu zikajaa madukani, na msomaji akazoea kwamba habari ni kitu cha bure.

Wafanyabiashara nao walimfuata msomaji kule alikokwenda. Kampuni iliyokuwa ikinunua ukurasa mzima wa gazeti iligundua kwamba inaweza kuwafikia wateja kupitia Google na Facebook kwa gharama ndogo, na hata kuchagua umri na mji wa wale inaowataka. Matangazo madogo ya nyumba za kupangisha, magari na nafasi za kazi yalianza kuhama. Fedha zilizokuwa zikilipa wanahabari wa Kisumu, Garissa na Lodwar zikaanza kuelekea Marekani.

Serikali, ambayo ni mtangazaji mkubwa, haikuwa kimbilio la kutegemewa. Mnamo 2015 ilianza kupitisha matangazo yake katika shirika moja, Government Advertising Agency, na mengi yakakusanywa katika jarida lake la MyGov. Kisha mwezi Machi 2024 Wizara ya Habari ikaagiza kwamba matangazo ya serikali ya redio na runinga yapelekwe kwa shirika la taifa la KBC pekee. Funzo lililopatikana ni kwamba chombo kinachoishi kwa fedha za serikali kinaweza kufungiwa bomba kwa barua moja.

Matokeo yake tumeyaona. Mnamo 2016, kampuni ya Nation Media Group ilifunga kituo cha runinga cha QTV na kile cha redio cha Nation FM. Mwaka wa 2024, Standard Group nayo ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Kati ya matukio hayo mawili, wanahabari wengi wenye tajriba waliondoka katika vyumba vya habari nchini.

Hapo ndipo kinaya kinapojitokeza. Ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, Kenya ilipata serikali 47 za kaunti na mabunge 47, kila moja ikiwa na bajeti, zabuni, hospitali na barabara zinazohitaji jicho la kuzikodolea. Muongo huo huo uliozidisha mambo ya kuchunguzwa ndio uliopunguza wachunguzi. Mwandishi wa mashinani anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa hawezi kutumia wiki tatu akifuatilia zabuni ya zahanati, maana wiki hizo tatu hatakuwa na cha kuwalisha wanawe.

Siku runinga zilipozimwa

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuichora teknolojia kama adui. Kuna siku ambazo imeikoa haki ya Wakenya ya kupata habari.

Mnamo Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, serikali ilizima matangazo ya vituo vya Citizen, NTV na KTN News. Vituo hivyo havikunyamaza. Viliendelea kupeperusha matangazo moja kwa moja kupitia mtandao, na wananchi wakakusanyika kwenye simu zao badala ya seti za runinga. Mahakama Kuu iliamuru siku mbili baadaye kwamba vituo hivyo virejeshwe hewani, lakini zilipita siku nyingine kadhaa kabla ya agizo hilo kutekelezwa. Wakati huo wote, intaneti ndiyo iliyokuwa mlango wa nyuma.

Mambo yalijirudia Juni 25, 2025, wakati wa maandamano ya kuadhimisha mwaka mmoja tangu vijana wavamie Bunge kupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Mamlaka ya Mawasiliano ilivipiga marufuku vyombo vya habari kupeperusha maandamano hayo moja kwa moja, na baadhi ya vituo vikazimwa hadi mahakama ilipoingilia kati siku hiyo hiyo. Kwa mara nyingine, walioziba mlango wa mbele walikuta dirisha liko wazi.

Maandamano ya 2024 yenyewe yalionyesha uwezo mpya. Vijana waliutafsiri mswada ule kwa lugha mbalimbali, wakauchambua kifungu kwa kifungu katika mitandao ya X na TikTok, na kuwafikia watu ambao hawajawahi kusoma waraka wa Bunge maishani mwao. Rais William Ruto aliukataa mswada huo Juni 26, siku moja tu baada ya Bunge kuvamiwa. Vyombo vikuu vya habari vilijikuta vikiufuata mjadala ambao haukuanzishwa navyo.

Fomu 46,000 na hesabu tofauti

Je, hilo lina maana kwamba wananchi sasa wanaweza kujihudumia wenyewe kwa habari, na kwamba mwanahabari amepitwa na wakati? Uchaguzi wa Agosti 9, 2022 unatoa jibu.

Katika uchaguzi huo, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilichukua hatua ya kupongezwa. Iliweka hadharani mtandaoni picha za fomu 34A kutoka vituo vya kupigia kura ambavyo idadi yake ilikuwa 46,229. Mtu yeyote mwenye intaneti angeweza kuzifungua na kujumlisha. Ukweli wote ulikuwa umeanikwa kama nafaka juani, bila malipo na bila kizuizi.

Vyombo vya habari vilianza kujumlisha, kila kimoja kivyake. Kimoja kilianza na fomu za eneo hili, kingine na za eneo lile, na kwa sababu hiyo takwimu zikatofautiana. Mtazamaji aliyebadilisha kituo alimkuta Bw Ruto akiongoza huku, na Bw Odinga akiongoza kule. Ufafanuzi kwamba hesabu hizo hazijakamilika ulizama katika kishindo cha tarakimu. Wengi wakashuku wizi mahali ambapo palikuwa na tofauti ya mpangilio tu. Hatimaye vyombo hivyo vilipunguza kasi, na taifa likabaki likisubiri tangazo rasmi la Agosti 15.

Kisa hicho kina maana pana. Takwimu zikiwa wazi, bado panahitajika mtu wa kuzipanga, kuzilinganisha na kueleza zinasema nini na hazisemi nini. Kazi hiyo inahitaji ujuzi, muda na mshahara. Chombo kilichopunguza wafanyakazi hakiwezi kuifanya usiku mmoja kwa sababu tu kina tovuti ya kisasa.

Upande wa pili, wazushi hawalali. Wiki chache kabla ya uchaguzi wa 2017, zilisambazwa video zilizotengenezwa kuiga matangazo ya CNN na BBC, zikitoa matokeo ya kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuyatangaza. Kurasa za mbele za magazeti ya hapa nchini nazo zimeghushiwa mara si moja, nembo na vyote, kisha zikatumwa katika makundi ya WhatsApp. Mashirika kama PesaCheck, lililoanzishwa mnamo 2016 kuchunguza ukweli wa madai ya umma, yanafanya kazi nzuri. Lakini uongo husafiri kwa kubofya mara moja, ilhali ukanusho wake huhitaji mtu apige simu, asome nyaraka na kusubiri majibu.

Kufuli mlangoni

Katika hali hiyo, kampuni za habari zimelazimika kurudi kwa msomaji na kumwomba alipe. Nation Media Group ilizindua tovuti ya Nation.Africa mnamo Agosti 2020, na mwaka uliofuata ikaanza kutoza ada kwa baadhi ya habari. Wengine nchini nao wamefuata njia ya kuuza nakala za kielektroniki na usajili.

Uamuzi huo hauwezi kulaumiwa kirahisi. Aliyezoea kusoma bure akumbuke kwamba hata maji ya mto yana anayetumwa kuyateka. Kenya pia ina fursa ambayo nchi nyingi hazina: tangu M-Pesa ianzishwe mnamo Machi 2007, mwananchi anaweza kulipa kiasi kidogo kabisa cha fedha bila ya kuwa na akaunti ya benki. Kinachowezekana hapa kingekuwa ndoto mahali ambapo lazima uwe na kadi ya benki ndipo ulipie gazeti.

Tatizo liko katika kile kinachofungiwa ndani. Mara nyingi habari zinazotiwa kufuli ni zile zilizogharimu fedha nyingi kuzitafuta, kama vile uchunguzi wa ufisadi na uchambuzi wa bajeti. Zinazoachwa wazi ni udaku, vituko vya wanasiasa na mikasa ya ndoa. Mwenye pesa hupata kujua jinsi dawa zilivyopotea hospitalini. Anayelala foleni katika hospitali hiyo hiyo hupata kujua nani ameachana na nani. Anayeathirika zaidi na uovu ndiye wa mwisho kuusikia.

Isitoshe, tangu 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo yake muhtasari ulioandikwa na akili unde. Msomaji akiuliza swali hupata jibu papo hapo, na huenda asifungue kamwe tovuti ya gazeti ambalo mwanahabari wake alinyeshewa akiitafuta habari hiyo. Kwa hivyo hata zile senti chache za matangazo zilizobaki zinaweza kumponyoka mwenye jasho.

Mafunzo kutoka kwingine

Kenya haiko peke yake, na kuna ya kujifunza kutoka kwa jirani na wa mbali.

Nchini Afrika Kusini, chombo cha Daily Maverick, kilichoanza mtandaoni mnamo 2009, kilikataa kufunga mlango. Mnamo 2018 kilianzisha uanachama ambapo msomaji huchangia kadiri awezavyo, huku habari zikibaki wazi kwa wote, akiwemo asiyechangia. Mchangiaji anajua kwamba analipia na jirani yake. Huo ndio utaratibu ule ule wa gazeti la kinyozini, ila umehamishiwa mtandaoni. La kushangaza ni kwamba mnamo 2020 chombo hicho kilianzisha pia gazeti la karatasi la kila wiki.

Nchi hiyo hiyo imechukua hatua ya pili. Tume yake ya Ushindani ilianza mnamo 2023 kuchunguza jinsi kampuni kubwa za teknolojia zinavyonufaika na kazi ya vyombo vya habari. Ripoti ya mwisho ilipotolewa Novemba 2025, Google ilikuwa imekubali kutoa msaada wa randi milioni 688 kwa kipindi cha miaka mitano. Kiasi hicho hakitaponya kila donda, lakini kinaonyesha kwamba nchi ya Afrika inaweza kuketi mezani na majabali hayo na kuondoka na kitu mkononi.

Tahadhari inatoka Kanada. Bunge la huko lilipopitisha mnamo 2023 sheria ya kuzitaka kampuni hizo zilipie habari, Google ilifikia makubaliano na serikali, lakini Meta iliamua kuziondoa habari zote katika Facebook na Instagram nchini humo kuanzia Agosti mwaka huo. Moto mkubwa wa misitu ulipozuka mwezi huo huo, wakazi waliokuwa wakihama hawakuweza kusambaziana taarifa za vyombo vya habari katika mitandao hiyo. Nchi inayojiandaa kuvutana na kampuni hizo haina budi kujiuliza raia wake watasoma wapi siku kamba itakapokatika.

Katika majirani zetu, kikwazo kimekuwa serikali zenyewe. Uganda ilianza kutoza ushuru wa Sh200 za nchi hiyo kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii mwezi Julai 2018, kabla ya kuufuta mnamo 2021 na kuweka ushuru mwingine juu ya data. Nchini Tanzania, mnamo Oktoba 2024, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi Communications kwa sababu ya video ya katuni. Gazeti la karatasi liliendelea kuuzwa barabarani ilhali tovuti ilikuwa imefungwa. Anayedhani kwamba kuhamia mtandaoni ni kuikimbia serikali na alitafakari hilo.

Kiswahili kisiwe mtoto wa kambo

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Mipango mingi ya kidijitali huandaliwa kwa kumfikiria msomaji wa Kiingereza, ambaye hudhaniwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kulipa na ndiye anayetafutwa na watangazaji. Kurasa za Kiswahili hupokea mara nyingi tafsiri ya kile kilichokwisha kuandikwa kwa lugha nyingine, tena kwa kuchelewa.

Huko ni kujinyima soko na wajibu kwa pamoja. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ndicho kinachosomwa na mwanabodaboda wa Likoni, mama mboga wa Gikomba, na msomaji wa Arusha au Goma ambaye mpaka haumzuii kufungua tovuti ya Nairobi. Kwa gharama ya kusafirisha karatasi, gazeti la Kenya halingefika Goma kwa faida. Kwa simu, limekwisha kufika. Chombo kitakachomwandikia msomaji huyo habari asilia, badala ya makombo ya tafsiri, kitakuwa na hadhira ambayo hakuna gazeti la karatasi lililowahi kuwa nayo.

Nini kifanywe?

Mosi, vyombo vya habari vitofautishe bidhaa na huduma. Uchambuzi wa soko la hisa, makala za burudani na takwimu za kandanda ni bidhaa, anayezitaka azilipie. Taarifa za uchaguzi, mkurupuko wa magonjwa, mafuriko, maamuzi ya mahakama na matumizi ya fedha za kaunti ni huduma kwa umma. Ziachwe wazi kwa kila mtu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hiyo hubaki maandishi matupu iwapo mwenye kuzifasiri habari hizo huwafasiria wenye nacho pekee.

Pili, malipo yalingane na mfuko wa mwananchi. Anayenunua sukari ya robo na mafuta ya kupimiwa hawezi kuombwa alipie gazeti la mwaka mzima kwa mkupuo. Auziwe habari ya siku moja, au hata makala moja, kwa bei isiyozidi ya andazi. Mwenye nacho naye apewe nafasi ya kumlipia asiye nacho.

Tatu, Mamlaka ya Ushindani nchini ifuate nyayo za Afrika Kusini na kuanzisha uchunguzi wake. Ni bora zaidi iwapo mataifa ya Afrika Mashariki yatafanya hivyo kwa pamoja, maana mnyonge akienda peke yake hurudi na maneno matupu.

Nne, matangazo ya serikali yagawanywe kwa kanuni zilizo wazi, ili yasiwe karoti kwa anayesifu na kiboko kwa anayekosoa.

Tano, redio isisahauliwe. Maelfu ya Wakenya bado wanamiliki simu za kawaida zisizofungua tovuti yoyote, na redio za Kiswahili na za lugha za kienyeji ndizo zinazowafikia wakiwa shambani na machungani. Uchunguzi uliofanywa na gazeti ukisomwa redioni kwa makubaliano, hupata masikio ambayo kufuli la mtandaoni haliwezi kuyaziba.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Uvumi unaosambazwa bure umewahi kuligharimu taifa hili damu, na hakuna aliyeishi hapa miezi ya Desemba 2007 na Januari 2008 anayehitaji kukumbushwa jinsi maneno yasiyothibitishwa yanavyochochea moto. Uchaguzi wa 2027 utawakuta Wakenya wengi zaidi na simu mkononi kuliko wakati mwingine wowote. Haitatosha kwamba ukweli upo mahali fulani mtandaoni. Itabidi uwe mahali ambapo mteja wa kinyozi, asiye na hela za kulipia, anaweza kuusoma akisubiri zamu yake.